Kuepuka Migongano ya Matoleo ya Programu Katika Kuandaa Maombi ya Ruzuku kwa Njia ya Kielektroniki

Vikundi vya wakazi katika kata mbalimbali hutafuta ruzuku kwa ajili ya shughuli za maendeleo: kuchimba kisima, kununua mashine ya kukamua alizeti, kukarabati darasa au kuanzisha ufugaji wa nyuki. Zamani ombi liliandikwa kwa mkono au kwa taipureta, likagongwa muhuri na kutumwa kwa bahasha. Siku hizi wafadhili wengi hupokea maombi kwa njia ya kielektroniki pekee. Mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, nayo imehamia kwenye mfumo wa kompyuta.

Mabadiliko haya yamepunguza gharama za nauli na karatasi. Hata hivyo, yameleta kikwazo ambacho waombaji wengi hawakioni hadi siku ya mwisho. Ombi lenye hoja nzuri na bajeti sahihi laweza kukataliwa, au kufika likiwa limeharibika, kwa sababu tu programu iliyotumika kuliandika hailingani na ile iliyotumika kulifungua. Kikundi kinachokosa ruzuku kwa sababu hiyo hupoteza mwaka mzima, na kisima hubaki mchoro kwenye karatasi. Somo hili linaeleza chanzo cha tatizo, dalili zake na hatua za kulizuia.

MAANA YA TOLEO LA PROGRAMU

Kila programu ya kompyuta hutolewa kwa awamu. Watengenezaji wanaporekebisha kasoro au kuongeza uwezo mpya, hutoa toleo jingine lenye namba au mwaka wake. Jambo hili linafanana na vitabu vya kiada. Mwanafunzi mwenye toleo la zamani na mwenzake mwenye toleo jipya wakiambiwa wafungue ukurasa wa 40, kila mmoja aweza kukuta habari tofauti, ingawa vitabu vina jina moja na jalada linalofanana.

Kanuni ya kukumbuka ni kwamba toleo jipya kwa kawaida huweza kusoma faili lililoandikwa kwa toleo la zamani, lakini toleo la zamani haliwezi kuhakikisha kuwa litasoma faili la toleo jipya. Mfano unaofahamika zaidi ni wa Microsoft Office ya mwaka 2007. Kabla ya hapo, mafaili ya Word yaliishia na herufi doc na ya Excel yaliishia na xls. Kuanzia toleo la 2007, Word ilianza kuhifadhi kwa docx na Excel kwa xlsx. Kompyuta iliyobaki na Office ya 2003 haikuweza kufungua mafaili hayo mapya mpaka iongezewe programu ndogo ya kutafsiri. Herufi moja mwishoni mwa jina la faili ilitosha kumzuia msomaji asione hata neno moja.

MAFUNZO MAWILI KUTOKA NJE

Mfano wa kwanza unatoka Marekani. Serikali ya nchi hiyo hupokea maombi ya ruzuku kupitia mfumo wa Grants.gov, ambao umewahi kutumiwa pia na asasi za nchi nyingine, zikiwemo za Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi, hadi mwisho wa mwaka 2017, mwombaji alipakua furushi la fomu za PDF, akalijaza kwa programu ya Adobe Reader, kisha akalituma. Waombaji walionywa kwamba kila mtu aliyelifanyia kazi furushi hilo alipaswa kutumia toleo linalokubaliana na mfumo. Mtu mmoja katika kundi akilifungua na kulihifadhi kwa toleo lisilofaa, furushi zima liliweza kuharibika, hata kama wenzake wote walikuwa na toleo sahihi. Utaratibu huo wa furushi moja ulifikia ukomo tarehe 31 Desemba 2017, na nafasi yake ikachukuliwa na mfumo uitwao Workspace, ambapo wanakikundi kadhaa huweza kujaza fomu mbalimbali moja kwa moja mtandaoni. Fundisho lake bado ni hai: katika kazi ya pamoja, usalama wa faili ni sawa na wa kompyuta dhaifu kuliko zote zilizolishika.

Mfano wa pili unatoka Uingereza. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, taasisi ya afya ya umma ya Uingereza ilikuwa ikikusanya matokeo ya maabara kwenye majedwali ya Excel ya muundo wa zamani wa xls. Muundo huo hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536, ilhali muundo wa xlsx hubeba mistari 1,048,576. Jedwali lilipojaa, mistari iliyozidi haikuingia. Kwa sababu hiyo, wagonjwa 15,841 waliothibitishwa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020 hawakuingizwa kwenye takwimu za kila siku kwa wakati, na kazi ya kuwafuatilia watu waliokutana nao ikachelewa.

Ombi la kikundi cha kata haliwezi kufikia mistari elfu sitini. Hata hivyo, kisa hicho kinafundisha jambo linaloihusu kila bajeti: muundo wa zamani waweza kuacha taarifa nje bila anayeutumia kutambua. Kwa hiyo, faili kufunguka vizuri si ushahidi kuwa kila kilichoandikwa kimo ndani yake.

DALILI ZA MGONGANO WA MATOLEO

Wakazi wanaoandaa maombi wanapaswa kuzitambua dalili zifuatazo mapema.

Kwanza, fomu ya PDF inafunguka kwenye kivinjari cha intaneti, lakini badala ya nafasi za kujaza inaonyesha maneno ya Kiingereza yanayomtaka mtumiaji asubiri. Kusubiri hakusaidii. Baadhi ya fomu za PDF zimetengenezwa kwa teknolojia ambayo vivinjari na programu nyingi za simu haziielewi. Fomu hiyo inahitaji kupakuliwa na kufunguliwa kwa programu iliyotajwa na mfadhili.

Pili, idadi ya kurasa inabadilika. Andiko lenye kurasa 10 kamili kwenye kompyuta ya katibu linakuwa na kurasa 11 kwenye kompyuta nyingine. Mara nyingi chanzo ni aina ya mwandiko. Kwa miaka mingi Word ilikuja na mwandiko wa Calibri kama mwandiko wake wa kawaida. Matoleo mapya ya Microsoft 365 yameweka Aptos badala yake. Kompyuta isiyo na Aptos huchagua mwandiko mwingine, na upana wa herufi ukibadilika, mistari nayo husogea. Mfadhili aliyeweka ukomo wa kurasa 10 aweza kuacha kusoma ukurasa wa 11, hata kama ndipo yalipo maelezo ya uendelevu wa mradi.

Tatu, jedwali la bajeti linaonyesha alama ya #NAME? mahali palipokuwa na jumla. Hii ina maana kuwa fomula iliyotumika haifahamiki kwa toleo lililolifungua. Kwa mfano, fomula ya XLOOKUP ipo katika matoleo mapya ya Excel, lakini haipo katika Excel ya 2010, 2013 wala 2016.

Nne, tarehe na tarakimu zinasomeka vingine. Tarehe 03/04/2026 kwa msomaji wa Tanzania ni tarehe 3 Aprili, lakini kompyuta iliyopangwa kwa utaratibu wa Marekani huisoma kuwa tarehe 4 Machi. Vivyo hivyo, katika nchi kadhaa za Ulaya nukta hutumika kutenganisha maelfu na mkato hutumika kwa desimali. Shilingi 8.500 zaweza kusomwa kuwa elfu nane na mia tano upande mmoja, na nane na nusu upande mwingine.

Tano, fomu iliyojazwa na kuhifadhiwa inafunguliwa siku ya pili ikiwa tupu. Hili hutokea pale fomu inapojazwa ndani ya programu yenye uwezo wa kuonyesha maandishi tu, bila uwezo wa kuyahifadhi ndani ya fomu.

HATUA ZA KUZUIA TATIZO

1. Kusoma mwongozo wa mfadhili kabla ya kuandika. Waombaji wengi husoma masharti ya mradi na kuruka ukurasa wa masharti ya kiufundi. Ukurasa huo ndio unaotaja programu inayotakiwa, toleo lake, aina ya mafaili yanayopokelewa, ukubwa wa juu wa kila faili na namna ya kuyapa majina. Inashauriwa masharti hayo yaandikwe kwenye karatasi moja na kubandikwa mahali ambapo wanakikundi hufanyia kazi.

2. Kuorodhesha kompyuta zitakazotumika. Katibu aandike kila kompyuta au simu itakayoshika mafaili ya ombi, pamoja na programu iliyomo na toleo lake. Katika programu nyingi, taarifa ya toleo hupatikana kwenye sehemu yenye neno "About" au "Account". Kifaa kisichokidhi masharti kisasishwe au kitengwe. Kutengwa kwa kompyuta moja ni hasara ndogo kuliko kuharibika kwa ombi zima.

3. Kumteua mtunza faili mmoja. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wote wanaweza kuchangia maelezo, lakini faili rasmi likae kwa mtu mmoja, kwenye kompyuta moja. Wengine watume michango yao kwa barua pepe au kwa maandishi ya kawaida, naye ayaingize. Utaratibu huu huzuia migongano ya aina mbili kwa pamoja: ule wa matoleo ya programu, na ule wa nakala, ambapo watu wawili hurekebisha nakala mbili na mwishowe hakuna ajuaye ipi ni ya mwisho.

4. Kuyapa mafaili majina yanayoeleweka. Jina kama Bajeti-2026-03-15-nakala3 linaonyesha tarehe na mfuatano, tofauti na jina kama "bajeti mpya ya mwisho kabisa". Nafasi kati ya maneno, alama za pekee na majina marefu kupita kiasi viepukwe. Grants.gov, kwa mfano, huelekeza kuwa jina la kiambatisho lisizidi herufi 50, na viambatisho viwili visiwe na jina moja.

5. Kuandika kwa namna inayoeleweka na matoleo yote. Andiko litumie mwandiko uliozoeleka, kama Times New Roman au Arial, isipokuwa mfadhili ameelekeza vingine. Bajeti itumie fomula nyepesi za kujumlisha na kuzidisha. Tarehe ziandikwe kwa jina la mwezi, yaani 3 Aprili 2026, na fedha zitajwe kwa tarakimu kamili pamoja na jina la sarafu.

6. Kutofautisha andiko na fomu. Andiko la mradi lililokamilika kwa Word ni vyema lihifadhiwe pia kuwa PDF kabla ya kutumwa, iwapo mfadhili anaruhusu, kwa sababu PDF hubakiza mpangilio wa kurasa mahali pake. Fomu ya PDF ya mfadhili ni jambo jingine. Isichapwe na kuskaniwa, wala isigeuzwe kuwa PDF mpya kwa amri ya kuchapa, kwa sababu nafasi za kujaza hufutika na kubaki picha tu. Mtu ataisoma, lakini mfumo wa kompyuta wa mfadhili hautapata kitu cha kuchukua. Aidha, fomu yenye sahihi ya kidijitali isirekebishwe baada ya kutiwa sahihi, kwani badiliko dogo laweza kuibatilisha sahihi hiyo.

7. Kufanya jaribio. Wiki moja au zaidi kabla ya siku ya mwisho, mafaili yote yatumwe kwa barua pepe kwa mtu mwenye kompyuta tofauti, naye ayafungue, ahesabu kurasa, alinganishe jumla za bajeti na nakala iliyochapwa, na aangalie kama kila nafasi ya fomu imejaa. Jaribio hili halizidi saa moja, na ndilo linalobaini makosa mengi kuliko hatua nyingine zote.

KAZI ZA STESHENARI NA ZA SIMU

Wakazi wengi hawana kompyuta binafsi na hutegemea steshenari au simu janja. Njia zote mbili zinafaa zikitumiwa kwa uangalifu.

Katika steshenari, mteja ana haki ya kuuliza kabla ya kuanza kazi: kompyuta hii ina Word ya mwaka gani, na kivinjari chake kimesasishwa lini? Kompyuta nyingi za zamani bado zinatumia Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Kivinjari cha Google Chrome nacho hakipati matoleo mapya kwenye Windows 7 tangu toleo la 109. Mifumo ya maombi inayohitaji kivinjari cha kisasa yaweza kugoma kufunguka, au vitufe vyake visibofyeke. Saa na tarehe ya kompyuta pia viangaliwe. Kompyuta inayodhani ni mwaka 2009 itaikataa tovuti salama kwa kudai kuwa cheti chake si halali, ilhali kosa ni la betri ndogo ya saa iliyokwisha ndani ya kompyuta.

Kazi inapokamilika, mteja asiondoke na nakala ya karatasi pekee. Ahifadhi faili lenyewe kwenye flashi, na alitume pia kwenye barua pepe ya kikundi, kwa kuwa flashi hupotea na hushika virusi. Barua pepe hiyo iwe mali ya kikundi na nenosiri lake lijulikane na viongozi wasiopungua wawili, isiwe ya kijana aliyesaidia kuchapa ambaye kesho aweza kuhamia mji mwingine.

Kwa upande wa simu, programu za kuandikia zinafaa kwa kusoma na kutoa maoni. Kujaza fomu rasmi au kukamilisha bajeti kwenye simu kunahitaji tahadhari, kwani programu ya simu yaweza kuonyesha jedwali bila baadhi ya fomula au kubadili mwandiko wakati wa kuhifadhi. Inapendekezwa hatua ya mwisho ya kuhifadhi na kutuma ifanyike kwenye kompyuta.

SIKU YA KUTUMA

Ombi litumwe siku tatu au zaidi kabla ya ukomo, ili likikataliwa kuwe na muda wa kulirekebisha. Saa za ukomo nazo zisomwe kwa makini. Mfadhili wa Washington anapoandika 11:59 p.m., anamaanisha saa 5:59 usiku ya huko, ambayo kwa Afrika Mashariki ni asubuhi ya siku inayofuata. Wala hamaanishi saa 11:59 jioni kwa hesabu ya Kiswahili. Njia salama ni kuihesabu siku ya kabla ya tarehe iliyotajwa kuwa ndiyo siku ya mwisho.

Baada ya kutuma, mwombaji asubiri uthibitisho na auhifadhi. Ujumbe wa kwamba faili limepokelewa si sawa na ujumbe wa kwamba faili limekubaliwa. Mifumo mingi hupokea kwanza na kukagua baadaye. Ikiwa mfumo utaonyesha kosa, skrini ipigwe picha pamoja na saa na maneno ya kosa hilo, kisha mfadhili aandikiwe mara moja kabla ya muda kuisha. Malalamiko yaliyotolewa kabla ya ukomo, yakiwa na ushahidi, husikilizwa kwa urahisi kuliko maelezo yanayotolewa baadaye.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Vikundi vinavyojiandaa kuomba ruzuku vinashauriwa kujibu maswali haya katika kikao, na majibu yaingizwe kwenye muhtasari:

1. Mfadhili ametaja programu na toleo gani, na maelekezo hayo yameandikwa wapi?
2. Ni vifaa vingapi vitakavyoshika mafaili ya ombi, na kila kimoja kina toleo gani?
3. Mtunza faili ni nani, na nani atashika nafasi yake akiugua au akisafiri?
4. Ni nani, nje ya kikundi, atakayefungua mafaili kwa majaribio, na kwa tarehe ipi?
5. Uthibitisho wa kupokelewa na wa kukubaliwa kwa ombi utahifadhiwa wapi?

Kikundi kitakachokwama katika swali lolote kinaweza kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yake akiwa na nakala ya mwongozo wa mfadhili. Inashauriwa kufika mapema, angalau wiki mbili kabla ya siku ya mwisho ya kupokea maombi, na si siku yenyewe.